Nani Ataubadilisha Mfumo Huu? Mhadhara juu ya Kupima Uchangamano wa Programu

Mwaka 2017 Sheria ya Fedha iligusa jambo ambalo kila mkulima wa milima hii ya Usambara analijua: ushuru wa mazao. Kabla ya hapo halmashauri ilikuwa na ruhusa ya kutoza hadi asilimia 5 ya bei ya mazao. Sheria mpya ikakigawa kiwango hicho: asilimia 3 kwa mazao ya biashara, asilimia 2 kwa mazao ya chakula, na anayesafirisha mzigo usiozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine akasamehewa kabisa. Mwenye magunia machache ya karoti kutoka Lukozi akapumua. Lakini kuna mtu mwingine aliyepewa kazi na sheria ile, naye hatajwi popote ndani yake: ni yule anayetunza programu inayokokotoa ushuru na kuchapa risiti getini. Lori la viazi linaloteremka Soni kuelekea Mombo halimsubiri. Siku sheria inapoanza kutumika, ama programu imebadilika, ama watu wanatozwa kinyume cha sheria.

Swali la mhadhara huu ni kama tungeweza kujua mapema, kabla Bunge halijakaa, ni programu ipi ingelipokea badiliko lile kwa nusu siku na ipi ingehitaji mwezi mzima. Kwa nusu karne sasa wataalamu wamekuwa wakijibu kwamba inawezekana, na wametengeneza vipimo vya kutoa jibu hilo kwa namba. Hoja yangu ni kwamba vipimo hivyo hupima maandishi, ilhali urahisi wa kutunza programu haumo katika maandishi peke yake. Umo katika uhusiano wa vitu vitatu: msimbo wenyewe, aina ya mabadiliko yatakayoujia, na watu watakaokuwapo siku hiyo. Kipimo kinachotazama kimoja na kuviacha viwili hakiwi cha uongo, ila kinajibu swali dogo kuliko lile tuliloliuliza, na hatari huanza pale jibu la swali dogo linapowekwa kwenye mkataba wa serikali kana kwamba ni la swali kubwa.

Tuanze na kipimo maarufu kuliko vyote. Desemba 1976 Mmarekani Thomas McCabe alichapisha makala akipendekeza kwamba kipande cha programu kitazamwe kama ramani ya njia. Kila programu inapojiuliza swali, njia hugawanyika. Hesabu maswali, ongeza moja, nawe umepata uchangamano wa kipande hicho. McCabe akashauri 10 uwe mpaka. Kipande kinachozidi hapo kigawanywe au kiandikwe upya. Tuupime ushuru wetu. Je, mzigo ni wa tani moja au chini yake? Je, zao ni la chakula? Maswali mawili, kwa hiyo uchangamano ni 3. Namba hiyo ina faida halisi, wala sikusudii kuibeza: inamwambia anayejaribu programu kwamba anahitaji majaribio yasiyopungua matatu ili kila njia ya msingi ipitiwe, na kipande chenye alama 40 kinamwonya kwamba hapo hapajaribiki kwa siku moja. Ila McCabe alikusudia zaidi ya hayo. Alitaka namba yake itambulishe pia vipande vitakavyokuwa vigumu kutunza, na hapo ndipo mambo yanapoharibika.

Turudi nyuma ya 2017 na tuchukue programu ya kubuni, iliyoandikwa wakati kiwango kilikuwa kimoja. Kukokotoa ushuru ni mstari mmoja tu: thamani mara 0.05. Hakuna swali lolote, kwa hiyo uchangamano ni 1, na hakuna alama nzuri kuliko hiyo. Sasa tuseme mstari huo umeandikwa upya mahali kumi na mbili: kwenye risiti, kwenye muhtasari wa jioni wa wakala, kwenye ripoti ya mwezi ya mweka hazina, kwenye marejesho kwa aliyetozwa zaidi, na kuendelea. Mahali pamoja mwandishi ameandika 5 gawanya kwa 100, pengine 1 gawanya kwa 20, na katika ripoti ya robo mwaka ameandika mapato mara 20 ili kupata thamani ya mazao, yaani asilimia 5 imo kinyumenyume. Anayetafuta 0.05 katika msimbo ataziona saba na kudhani amemaliza. Kila kipande bado kina alama 1. Ipo programu ya pili, ambayo viwango vyake vimewekwa kwenye jedwali ndani ya kanzidata, nayo huuliza aina ya zao, uzito, tarehe ya muamala, tarehe kiwango kilipoanza, na halmashauri mzigo unakotoka na unakokwenda. Alama yake ni 6 au 7. McCabe anaipa ushindi ya kwanza. Bunge linaipa ya pili. Tena lipo swali ambalo hakuna programu yoyote kati ya hizo inayoweza kulijibu: kabichi ya Lushoto, inayolimwa ili iuzwe Dar es Salaam, ni zao la chakula au la biashara? Hilo ni la mwanasheria wa halmashauri, si la mtaalamu wa TEHAMA, lakini jibu lake lazima likae mahali ndani ya mfumo, na programu inayoruhusu jibu libadilishwe bila kuufungua msimbo imejiepusha na shida ambayo hakuna anayehesabu maswali atakayeiona.

Mtu anaweza kusema kwamba nimechagua kipimo kimoja, tena cha zamani, na kwamba baada yake vimekuja vipana zaidi. Ni kweli. Mwaka 1977 Maurice Halstead alipendekeza kuhesabu alama za vitendo na vitu vinavyotendewa ndani ya msimbo, na kutokana na hesabu hiyo kukadiria ujazo wa programu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Paul Oman na Jack Hagemeister wa Chuo Kikuu cha Idaho waliunganisha ujazo wa Halstead, alama ya McCabe na idadi ya mistari katika fomula moja waliyoiita faharisi ya utunzaji. Microsoft waliiingiza katika Visual Studio, zana yao ya kuandikia programu, wakaigeuza iwe kati ya 0 na 100 na kuipaka rangi: kuanzia 20 ni kijani, 10 hadi 19 njano, chini ya 10 nyekundu. Kwa hiyo leo meneja asiyejua kuandika hata mstari mmoja anaweza kufungua ripoti, kuona kijani tupu, na kutia saini hundi.

Fomula hiyo inastahili kutazamwa kwa karibu, maana wengi huitumia bila kuifungua. Inaanza na 171. Inatoa 5.2 mara logi asilia ya ujazo, inatoa 0.23 mara alama ya McCabe, inatoa 16.2 mara logi asilia ya idadi ya mistari. Tuchukue kipande chenye ujazo 1,000, alama ya McCabe 10 na mistari 100. Jibu ni takriban 58, nalo likigeuzwa kwa kipimo cha Microsoft ni 34, kijani. Sasa tuongeze maswali mpaka alama ya McCabe ifike 30, mara tatu ya mpaka wa mwenyewe, bila kugusa mengine. Tunapoteza pointi 4.6 tu; jibu linashuka hadi 31, na bado ni kijani. Kinyume chake, tukikikata kipande kilekile katikati na kuweka nusu kwenye faili jingine, logi ya mistari peke yake inaturudishia pointi 11 kwa kila nusu, ingawa hatujaondoa hata tatizo moja na sasa msomaji ana mafaili mawili ya kufungua badala ya moja. Fomula ya awali ilikuwa pia na sehemu ya maelezo ya pembeni yanayoachwa na mwandishi kwa ajili ya wasomaji. Ilihesabu asilimia yake na kuipitisha kwenye saini, ile ya hesabu za pembe, kwa hiyo maelezo yakizidi kiasi fulani alama huanza kushuka. Sijaona mtu aliyeweza kueleza kwa nini uelewa wa binadamu ufuate wimbi la saini. Microsoft waliiondoa sehemu hiyo, wakafanya vyema.

Namba hizi 5.2, 0.23 na 16.2 zilitoka wapi? Hapa ndipo ninapowaomba wanaopenda vipimo kwa sababu vinaepuka maoni ya watu wasikilize vizuri. Watafiti wale walichukua mifumo michache, mingi ikiwa ya kampuni ya Hewlett-Packard, wakawauliza wahandisi waliokuwa wakiitunza waikadirie ni rahisi au migumu kiasi gani, kisha wakatafuta namba ambazo zingeifanya fomula ikaribiane na makadirio yale. Msingi wa faharisi, kwa hiyo, ni maoni ya wahandisi wachache wa Marekani zaidi ya miaka thelathini iliyopita. Sina ugomvi na maoni yale. Huenda yalikuwa ya busara. Ninachosema ni kwamba anayetuambia tusimuulize ofisa TEHAMA wa Lushoto anauonaje mfumo, kwa kuwa hayo ni maoni tu, anatupa badala yake maoni ya watu wengine, juu ya mifumo mingine, yaliyovalishwa logi.

Ushahidi uliokusanywa baadaye haukuvisaidia vipimo hivi. Mwaka 2001 Khaled El Emam na wenzake walionyesha kwamba vipimo vingi vilivyoonekana kutabiri kasoro vilikuwa vikirudia jambo moja: ukubwa. Msimbo mrefu una makosa mengi, na karibu kila unachokihesabu ndani ya msimbo mrefu ni kingi. Ukishauzingatia ukubwa, uhusiano mwingine huyeyuka. Mwaka 2012 Dag Sjøberg wa Norwei na wenzake walitoa utafiti ninaoupenda kwa uadilifu wake. Walikuwa na mifumo minne ya Java inayofanya kazi ileile, iliyotengenezwa na makampuni manne tofauti kwa mahitaji yaleyale. Wakawalipa watengenezaji programu waifanyie mabadiliko, wakapima kazi iliyotumika hasa. Vipimo vingi vya msimbo vilipingana vyenyewe kwa vyenyewe. Kimoja kiliusifu mfumo ambao kingine kiliukemea. Kilichoendana wazi na kazi halisi kilikuwa ukubwa, pamoja na kiasi cha sehemu za msimbo kushikamana kimantiki. Nanyi mnaona walichofanya: waliacha kuukisia ugumu wa kubadilisha, wakabadilisha, wakahesabu saa.

Katika milima hii historia ya kupima umbo na kusahau utunzaji ni ndefu kuliko historia ya kompyuta. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuokoa udongo katika bonde la Mlalo. Mmomonyoko ulikuwa wa kweli na matuta yaliyoagizwa yalikuwa na mantiki ya kiufundi. Kila familia ikapewa wajibu wa eneo la kuweka matuta, na eneo ndilo lililokuwa rahisi kuhesabiwa. Kisichohesabiwa ni jembe: kazi ya kuyachimba, na kuyachimba tena kila msimu, iliwaangukia zaidi wanawake waliokuwa na kazi nyingine tele. Hakikuhesabiwa pia kwamba wengi walilima mashamba ya kuazima, na kwamba shamba lililogharimiwa hivyo huamsha swali la nani mwenye nalo. Upinzani ukakua, na kabla miaka ya 1950 haijaisha mpango ukaachwa. Steven Feierman ameyaandika hayo kwa kina katika kitabu chake cha 1990 juu ya wasomi wa vijijini wa Usambara. Mradi wa hifadhi ya udongo wa SECAP, ulioendeshwa Lushoto kwa msaada wa Wajerumani kuanzia mwanzo wa miaka ya 1980 hadi 2000, ulikuja na nyasi, miti na ng'ombe wa kufungiwa bandani, na hata hapo waliofuatilia baadaye walikuta kwamba mkulima hupima kwanza nguvukazi aliyonayo na uhakika wa ardhi yake. Mita ya tuta haisemi nani atalichimba tena likibomoka, kama alama ya McCabe isivyosema nani atafungua faili Julai ijayo.

Tuje basi kwa watu. Mwaka 2008 Nachiappan Nagappan, Brendan Murphy na Victor Basili walitoa matokeo ya uchunguzi wao juu ya Windows Vista. Walitaka kujua ni sehemu zipi za mfumo ule mkubwa zingeharibika baada ya kutolewa, wakalinganisha aina mbalimbali za vipimo. Vipimo vya uchangamano vilifanya kazi kiasi. Vilivyovishinda vyote vilikuwa vipimo ambavyo havikusoma msimbo kabisa: ni wahandisi wangapi waligusa sehemu hiyo, wangapi kati yao wameondoka, umiliki wake umetawanyika katika idara ngapi. Vipimo hivi vya watu viliotea kwa usahihi wa takriban asilimia 86. Najua pingamizi litakaloletwa: Vista iliandikwa na maelfu ya wahandisi, halmashauri ya wilaya ina ofisi moja ya TEHAMA. Nakubali tofauti hiyo, ila naona inaipa hoja nguvu. Ikiwa mmoja kati ya elfu akiondoka huonekana kwenye takwimu, sembuse mahali ambapo anayeujua mfumo ni mmoja naye amepata uhamisho kwenda Mpanda.

Afrika Mashariki imepata jaribio la jambo hili ambalo hakuna mtafiti angethubutu kulipanga. Tarehe 20 Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na katika miezi iliyofuata shirika la USAID likafungwa. Mifumo mingi ya afya na ya fedha za umma katika nchi zetu ilikuwa imejengwa au kuimarishwa kwa fedha hizo; kwetu Tanzania, PlanRep ya mtandaoni inayotumiwa na halmashauri kupanga bajeti, iliyozinduliwa 2017, na FFARS ya hesabu za vituo vya huduma, zilisaidiwa na mradi mmoja wa namna hiyo. Chukulia mfumo wowote ambao wataalamu wake walilipwa kwa njia hiyo. Usiku mmoja msimbo haukubadilika hata herufi. Alama ya McCabe ileile, ujazo wa Halstead uleule, faharisi kijani ileile. Na urahisi wa kuutunza umeanguka, maana wanaojua kwa nini jedwali fulani lina safu mbili za tarehe wamerudi makwao. Kipimo ambacho hakitikisiki kwa tukio kama hilo hakiwezi kuwa kipimo cha utunzaji, kiitwe jina lolote.

Nipite haraka kwenye historia inayofundisha jambo lilelile kwa upole zaidi. Kule Mosoriot, Kenya, mwaka 2001 kituo cha afya kilianza kutumia rejista ya wagonjwa iliyojengwa kwa Microsoft Access. Ilikuwa ndogo na ilisifiwa kwa haki. Huduma za VVU zilipopanuka kutoka Eldoret, haikubebeka tena, na kuanzia 2004 ukazaliwa mfumo wa OpenMRS, ambao kufikia 2006 ulikuwa ukitumika huko. DHIS ya kwanza ya takwimu za afya, iliyotoka Afrika Kusini, nayo ilijengwa juu ya Access, ikaandikwa upya kwa Java ikawa DHIS2. Katika kisa chochote kati ya hivyo viwili tatizo halikuwa wingi wa maswali ndani ya kipande cha msimbo. Dunia iliyoizunguka programu ilibadilika, kama Meir Lehman alivyokuwa akieleza tangu miaka ya 1970: programu inayotumika katika maisha ya watu hailazimiki kuharibika ili ipitwe na wakati, inatosha watu waendelee kuishi.

DHIS2 yenyewe inastahili muda zaidi, kwa sababu takwimu za zahanati za Lushoto, zinazoanzia kwenye vitabu vya MTUHA vya kumbukumbu za afya, huishia humo. Wilaya ya Lushoto ina halmashauri mbili, Lushoto na Bumbuli, na zamani ilikuwa moja. Ilipogawanywa, kila mfumo uliodhani kwamba wilaya ni sawa na halmashauri ulipaswa kurekebishwa. Kenya ilikutana na jambo hilo kwa ukubwa mara nyingi zaidi: mwaka 2013 mikoa minane ilipisha kaunti 47, miaka miwili tu baada ya DHIS2 kuenezwa nchi nzima. DHIS2 ilistahimili kwa sababu ya uamuzi mmoja wa wabunifu wake. Ngazi za utawala, viashiria na fomu havikuandikwa ndani ya msimbo. Ni taarifa zinazoingizwa na msimamizi wa mfumo. Kuongeza halmashauri ni kazi ya mtu aliyekaa kwenye skrini, si ya mwandishi wa Java aliyeko Oslo. Huo ndio utunzaji mzuri ninaouzungumzia, na angalieni kwamba ukiusoma msimbo wa DHIS2 bila kujua historia ya mipaka ya Tanzania na Kenya, huwezi kujua kwa nini uamuzi ule ulikuwa bora. Utaona tu msimbo mzito zaidi.

Lakini ugumu haukufa, umehama. Viashiria vinapokuwa maelfu, vingine vikirudia vingine kwa majina yanayokaribiana, na mradi mmoja baada ya mwingine ukiongeza fomu yake, msimamizi wa mfumo anabeba uchangamano ambao zamani ungebebwa na mwandishi wa msimbo. Tena kuna maswali ya historia: anayelinganisha mahudhurio ya wajawazito wa Bumbuli ya sasa na ya kabla ya mgawanyo anatakiwa kuamua takwimu za zamani ni za nani. Hakuna programu ya kupima msimbo inayosoma jedwali la viashiria. Serikali ikinunua mfumo wa aina hii kwa kutazama faharisi ya msimbo peke yake, itakuwa imepima sehemu ambayo haitaigusa kamwe, na kuiacha ile ambayo maofisa wake wataigusa kila robo mwaka.

Sasa nijibu wanaopinga. Wa kwanza, nao wana uzito, ni watu wa manunuzi. Wanasema mkataba unahitaji namba. Huwezi kumkatalia mzabuni kwa kuwa msimbo wake haukuridhishi. Nakubali kabisa kwamba mkataba unahitaji namba. Ubishi wangu ni namba ya nini. Mkataba ukisema hakuna kipande kitakachozidi 10, mzabuni atakata kila kipande chenye 30 kuwa vinne vinavyoitana, vyenye majina kama sehemuYaKwanza na sehemuYaPili, naye atakuwa ametimiza mkataba huku msomaji akiruka kutoka faili hadi faili. Majina ndiyo nusu ya uelewa, na kipimo hakisomi majina. Saa na mafaili navyo ni namba. Kumpa mtu ambaye hakuiandika programu badiliko moja, na kuhesabu saa alizotumia na mafaili aliyoyagusa, ni kipimo kinachokaguliwa na mkaguzi kama kingine chochote.

Wa pili ni wahandisi wenyewe, na pingamizi lao nalikubali kwa sehemu kubwa. Vipimo vya msimbo ni rahisi, havichoki, huendeshwa kila usiku bila kumwita mtu. Vitumike basi, kwa mahali pake: kulinganisha faili na lenyewe jana na leo, si mfumo na mfumo, wala mwandishi na mwandishi. Kipande kilichokuwa na alama 8 Januari na sasa kina 26 kinastahili kutazamwa. Na vikichanganywa na historia ya mabadiliko vinakuwa na maana zaidi, maana kipande chenye alama 40 ambacho hakijaguswa tangu kiandikwe hakimsumbui mtu, na chenye 12 kinachoguswa kila mwezi kinamla mtu muda. Vipimo vya karibuni, kama kile cha uchangamano wa kiakili kilichotolewa na kampuni ya SonarSource, hujali angalau kwamba swali lililofichwa ndani ya swali lingine humchosha msomaji kuliko maswali mawili yanayofuatana. Ni hatua njema. Bado kinasoma maandishi tu.

Pingamizi la tatu ni gumu kuliko yote: mabadiliko ya kesho hayajulikani, kwa hiyo kupima kwa mabadiliko ni kupiga ramli. Kama ingekuwa hivyo, hoja yangu ingeanguka. Lakini tazameni mabadiliko yanayozijia halmashauri zetu. Kila Julai inaanza Sheria ya Fedha mpya, na viwango huguswa. Mipaka hugawanywa: mikoa ya Geita, Katavi, Njombe na Simiyu ilizaliwa 2012, Songwe 2016. Fomu za wizara hurekebishwa. Mfumo mmoja wa serikali hupisha mwingine, kama TANePS ya manunuzi ilivyoipisha NeST mwaka 2023, na kila uliounganishwa na wa zamani unalazimika kuunganishwa upya. Hatujui kiwango cha mwakani, lakini tunajua kwamba kitakachobadilika ni kiwango, mpaka, fomu au muunganisho. Hiyo si ramli; ni kumbukumbu za ofisi.

Tangu 2019 tuna Sheria ya Serikali Mtandao na Mamlaka yake inayotoa viwango kwa mifumo ya umma, kwa hiyo ninachopendekeza hakihitaji chombo kipya. Kabla ya malipo ya mwisho, mzabuni akae pembeni, na maofisa wa halmashauri wapewe mabadiliko matatu mbele ya mkaguzi: kiwango kipya cha ushuru chenye tarehe ya kuanza, kata inayohamishiwa halmashauri nyingine, na safu moja mpya kwenye ripoti ya mweka hazina. Zihesabiwe saa, yahesabiwe mafaili, na zihesabiwe simu walizolazimika kumpigia mzabuni. Halafu wachape tena risiti ya kabla ya badiliko, waone kama bado inasoma kiwango cha tarehe yake. Gharama ya zoezi ni siku kadhaa za watu wachache, nayo iingizwe kwenye bajeti ya mfumo tangu mwanzo. Lirudiwe kila mwaka Sheria ya Fedha inapotoka, hata kama msimbo haujaguswa, kwa kuwa maofisa waliolifanya mwaka uliotangulia huenda wamehamishwa.